Shajara ya mradi: Mfumo wa malipo wa SACCOS unaolala kila baada ya siku tisa

Mfumo wenyewe ni mdogo. Unapokea taarifa za amana kutoka kampuni ya kati inayotuunganisha na mitandao ya simu, unaziandika kwenye hifadhidata, na kwa upande wa pili unatuma mikopo iliyoidhinishwa kwenda kwenye simu za wanachama. Miamala 400 hadi 600 kwa siku. Niliuandika mwenyewe mwaka 2022, kwa lugha ya Python 3.10 na hifadhidata ya PostgreSQL 14, kwenye seva ya kukodi yenye Ubuntu 22.04 na RAM ya GB 2. Kazi zote, amana na mikopo, zinapita kwenye nyuzi nne (mikono minne ya programu moja inayofanya kazi sambamba) zinazochukua muamala mmoja mmoja kutoka kwenye foleni.

Naiweka shajara hii wazi kwa sababu maelezo ya namna ya kutuma muamala unaofaulu yamejaa kila mahali. Ya muamala uliokwama katikati ya njia nimeyatafuta kwa tochi.

Jumamosi, 3 Agosti 2024: duka limefungwa

Saa mbili asubuhi simu ya mhasibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Lile duka lako limefunga tena, na hapa nina watu."

Huwa anauita mfumo duka. Nikaingia kwenye seva, nikawasha upya kwa `systemctl restart`, dakika mbili, mambo yakaenda. Hii ilikuwa mara ya nne tangu Juni. Ukiangalia tarehe, pengo ni siku nane, tisa, kumi, na wiki mtandao ukiwa mbaya pengo linapungua. Kwenye logi, yaani daftari la matukio la programu, ujumbe ni ule ule kila mara:

```
FATAL: remaining connection slots are reserved for
non-replication superuser connections
```

PostgreSQL ikitoka kiwandani inaruhusu koneksheni 100 (miunganisho ya programu na hifadhidata), na 3 kati ya hizo inamwekea msimamizi. Kwa hiyo sisi wengine tuna 97, na kuna kitu kinazimaliza zote.

Nilishaandika mstari wa kroni (ratiba ya seva) wa kuwasha upya kila Jumapili saa tisa usiku, halafu nikaufuta. Kilichonizuia si uadilifu. Nilijiuliza tu: kama wakati huo kuna mkopo ambao umetumwa lakini jibu halijarudi, utaandikwaje? Sikuwa na jibu, na kwa mfumo wa fedha hilo lilinitisha kuliko simu ya mhasibu. Mradi ukaanza hapo.

Jumanne, 6 Agosti: nilichofanya kwanza, na hakikusaidia

Nilipandisha `max_connections` kutoka 100 hadi 300. Kwenye PostgreSQL kila koneksheni ni mchakato wake unaojitegemea, una kumbukumbu yake, kwa hiyo nikaona RAM ya GB 2 haitatosha, nikahamia seva ya GB 4. Gharama: shilingi 38,000 zaidi kwa mwezi.

Nimeiandika hapa kwa sababu najua wengi wataanza na hili. Ndoo inavuja, nami nimenunua ndoo kubwa.

Jumamosi, 17 Agosti: 119 na 119

Siku kumi na moja tangu kuwasha upya, mfumo bado umesimama, kwa vile ndoo ni kubwa. Leo nimekaa nao asubuhi nzima. Kwanza hifadhidata:

```
SELECT state, count(*) FROM pg_stat_activity
WHERE datname = 'saccos' GROUP BY state;
```

Koneksheni 131, karibu zote ziko `idle`. Kumi na mbili nazifahamu: za kurasa za ofisini na ya kwangu. Zinabaki 119 zisizo na kazi wala mwenyewe. Halafu nikatazama programu yenyewe imeshikilia faili na soketi (ncha za mawasiliano ya mtandao) ngapi:

```
ls /proc/$PID/fd | wc -l
207
```

Ikiwa imetoka kuwashwa huwa ni 14. Linux kwa kawaida inaipa programu nafasi ya faili na soketi 1,024 tu kabla ya kuikatalia, kwa hiyo hata hifadhidata ingekuwa na nafasi zisizo na mwisho, kuna ukuta wa pili mbele. Kisha `ss -tanp`: soketi 74 za kwenda kwa kampuni ya kati, zote `CLOSE_WAIT`. Hali hiyo maana yake upande wa pili umeshakata simu na mashine yetu imepokea habari hiyo, lakini programu yangu bado imeshikilia mkonga sikioni. `CLOSE_WAIT` ikirundikana usimlaumu mtu wa mtandao. Ni programu yako haijafunga.

119 + 74 + 14 = 207. Hesabu imekubali.

Kilichonifungua macho ni kuhesabu makosa kwenye logi tangu tarehe 6. Miamala iliyoshindwa: 119. Iliyoshindwa kwa majibu ya 500 au 503, namba ambazo seva hutumia kusema imeshindwa: 74. Miamala zaidi ya elfu tano iliyofaulu haijaacha hata koneksheni moja. Mvujo uko kwenye njia ya kushindwa peke yake.

Programu ilikuwa hivi, nimefupisha:

```python
def lipa(muamala):
    with psycopg2.connect(DSN) as kon:
        kasa = kon.cursor()
        kasa.execute("SELECT salio FROM akaunti "
                     "WHERE namba = %s FOR UPDATE",
                     (muamala.akaunti,))
        kikao = requests.Session()
        jibu = kikao.post(URL, json=muamala.mwili())
        jibu.raise_for_status()
        kasa.execute("UPDATE akaunti SET ...")

# kwenye kila uzi
try:
    lipa(muamala)
except Exception as kosa:
    makosa.append((datetime.now(), muamala, kosa))
```

Kuna makosa manne hapo. Siku hiyo niliona mawili.

La kwanza: kwenye psycopg2, maktaba inayounganisha Python na PostgreSQL, `with` ya koneksheni haifungi koneksheni. Inafunga muamala wa hifadhidata tu, yaani inathibitisha au inarudisha nyuma, kisha koneksheni inabaki wazi. Imeandikwa kabisa kwenye maelezo yao. Mimi nilizoea `with open(...)` inayofunga faili, nikadhani mambo ni yale yale. Sasa kwa nini miamala iliyofaulu haikuvuja? Kwa sababu kazi ikiisha salama, hakuna anayeishika tena `kon`, na Python inaifunga yenyewe papo hapo. Miaka miwili nimeishi kwa bahati hiyo.

La pili ndilo lililonichukua saa tatu. Kosa la Python halibebi ujumbe peke yake. Linabeba na njia nzima lilikopita, na kila hatua ya njia hiyo inabeba vitu vyake vyote vya ndani. Nilipoweka `kosa` kwenye orodha ya `makosa` kwa ajili ya ripoti ya jioni, nikaweka na `kon` na `kikao` ndani yake. Ripoti ilikuwa inachagua makosa ya leo, inayatuma, na orodha haikufutwa kamwe. Kwa hiyo kila muamala ulioshindwa ulihifadhiwa mzima mzima, na koneksheni yake mkononi.

Nilijaribu kwenye kompyuta yangu: niliita `makosa.clear()` kwenye programu iliyokuwa imeshikilia soketi 40. Zikaondoka zote kwa mpigo. Nilicheka peke yangu hadi mke wangu akaja kuchungulia.

Jumatano, 21 Agosti: kufunga kwa makusudi

```python
with closing(psycopg2.connect(DSN)) as kon:
    with kon, kon.cursor() as kasa:
        ...
with requests.Session() as kikao:
    ...
```

`closing` ya nje inafunga koneksheni, `with kon` ya ndani inashughulikia muamala. Na kwenye orodha siweki tena kosa lenyewe, naweka maandishi yake kutoka `traceback.format_exc()`.

Halafu nikajiona mjanja, nikaamua orodha hiyo ihamie kwenye hifadhidata, jedwali la `makosa`, ili isipotee programu ikizimwa.

Ijumaa, 23 Agosti: siku mbili bila kosa hata moja

Jedwali la `makosa` lilikuwa tupu siku mbili. Nilifurahi, nikamwambia na mhasibu. Akasema, "Mbona jana mkopo wa mtu mmoja haukwenda?"

Nilikuwa naandika kosa kwa koneksheni ile ile, ndani ya muamala ule ule ulioshindwa. Muamala ukirudishwa nyuma, na maandishi ya kosa yanarudi nao. Kosa likiwa limetoka kwenye hifadhidata yenyewe ndiyo mbaya zaidi, maana PostgreSQL inakataa amri yoyote inayofuata: `current transaction is aborted, commands ignored until end of transaction block`. Na hilo la pili nililimeza kwa `except: pass`, niliyoiweka kwa haraka usiku wa Jumatano.

Sasa kosa linaandikwa baada ya kutoka kwenye `with`, kwa koneksheni nyingine, na likishindwa kuandikwa huko linakwenda kwenye faili la logi. `except: pass` nimezitafuta zote kwenye programu. Zilikuwa sita.

Alhamisi, 29 Agosti: akaunti moja yasimamisha ofisi

Koneksheni hazivuji. Faili zilizo wazi ni 14 hadi 20, siku zote. Lakini leo saa kumi jioni mfumo umesimama, bila kuanguka, bila kosa lolote kwenye logi. Mchakato upo hai, kimya.

`pg_stat_activity` ilionyesha koneksheni nne za nyuzi zangu nne. Moja iko `idle in transaction`, yaani imefungua muamala na imekaa tu, na muamala wake ulianza 09:52 asubuhi. Tatu nyingine zinasubiri, `wait_event_type` ni `Lock`.

Nimeipanga hadithi yake hivi. Saa nne kasoro dakika nane asubuhi mwanachama, mama mwenye genge la mboga, alikuwa anatumiwa mkopo. Programu ikaishika safu ya akaunti yake kwa `FOR UPDATE`, kufuli inayomzuia mwingine kuibadilisha, ikaita kampuni ya kati, na jibu halikuja. Halikuja na kosa pia. `requests`, maktaba ya kutuma maombi ya mtandao, usipoipa kikomo cha kusubiri, inasubiri milele. `ss` iliiona soketi hiyo bado `ESTAB`, yaani iko hewani, ingawa kwa wenzetu ilikuwa imeshafungwa. Uwezekano mkubwa kifaa fulani cha katikati kiliisahau. Linux ina utaratibu wa kuuliza "bado upo?" kwenye soketi iliyokaa kimya, lakini ni baada ya saa mbili, tena kama programu imeomba. Yangu haikuomba.

Mchana mama yule akaweka amana. Taarifa ikaja, uzi wa pili ukaichukua, ukakuta safu yake imeshikwa, ukasubiri. Kampuni ya kati isipopata jibu letu hutuma taarifa tena. Uzi wa tatu. Ikatuma tena. Uzi wa nne. Ofisi nzima ikasimama kwa ajili ya genge moja la mboga.

Jambo moja nililolifanya vizuri tangu 2022: namba ya risiti ya amana ni `UNIQUE`, hairuhusiwi kujirudia, na ninaandika kwa `ON CONFLICT DO NOTHING`, ikijirudia iachwe. Kwa hiyo nilipoiua ile koneksheni ya kwanza kwa `pg_terminate_backend`, taarifa tatu za amana moja ziliongeza salio mara moja tu.

Hili ndilo kosa la tatu kwenye kipande kile cha programu: kupiga simu nje ukiwa umeshika kufuli ndani. Muda wa kufuli ya hifadhidata nilikuwa nimeukabidhi kwa mtandao wa watu wengine.

Jumatatu, 2 Septemba: vikomo

```python
jibu = kikao.post(URL, json=..., timeout=(5, 30))
```

Sekunde 5 za kuunganisha, 30 za kusubiri jibu. Angalizo: ile 30 si ya ombi zima. Ni ukimya wa juu kabisa kati ya kipande kimoja cha data na kingine, kwa hiyo seva inayodondosha herufi moja moja inaweza kukuweka saa nzima.

Upande wa hifadhidata, kwa mtumiaji wa programu hii: `lock_timeout` (kusubiri kufuli) sekunde 5, na `idle_in_transaction_session_timeout` (kukaa na muamala wazi bila kazi) sekunde 60. Hiyo ya pili ipo tangu PostgreSQL 9.6 na kwa kawaida imezimwa.

Na kwa kuwa sasa kusubiri kuna mwisho, nikaongeza kujaribu tena: ikishindwa, ngoja sekunde 10, tuma tena, hadi mara tatu. Kazi ya dakika kumi na tano. Ndiyo iliyonigharimu kuliko zote.

Ijumaa, 6 Septemba: mkopo mmoja mara mbili

Asubuhi kijana wa bodaboda amekuja ofisini na shilingi 250,000 mkononi. "Mmenitumia mara mbili. Nimetoa, nimewaletea." Mhasibu akanipigia. Safari hii hakuniita mwanangu.

Jana jioni kampuni ya kati ilikuwa nzito. Ombi la kwanza lilifika, wakalifanyia kazi, jibu likachukua sekunde 41. Kwetu sekunde ya 30 ilishaita kosa. Programu ikatuma tena.

Nilifungua taarifa ya akaunti yetu kwao na kulinganisha mstari kwa mstari na hifadhidata hadi saa sita usiku. Mikopo mitatu ililipwa mara mbili: 250,000, 120,000 na 80,000. Jumla 450,000. Ya kijana imerudi. Makato ya kutolea nimelipa mimi, mwenyekiti alisema ni haki na sikubisha. Ya 120,000 imerudi pia. Ya 80,000, mwenyewe anasema ameshanunua mbolea.

Kampuni ya kati inakubali namba ya rejea kutoka kwetu, na ombi lenye rejea iliyokwisha kutumika wanalikataa. Kinga ilikuwepo. Tazama nilivyoitumia, hili ndilo kosa la nne:

```python
def tuma(muamala):
    rejea = uuid.uuid4().hex
```

Rejea ilizaliwa ndani ya kazi ya kutuma. Kila jaribio, rejea mpya. Kwa macho yao ilikuwa mikopo miwili tofauti kabisa.

Nimezima kujaribu tena. Vikomo nimevibakiza. Kinachoshindwa kinasubiri mtu, na mhasibu anakihakiki kwa mkono kwenye daftari la kaunta.

Jumamosi, 14 Septemba: majibu matatu

Nilichokuwa nakosea tangu mwanzo ni kudhani ombi lina majibu mawili, ndiyo na hapana. Ukipita kwenye mtandao kuna la tatu, sijui, nalo linahitaji nafasi yake kwenye jedwali kama mengine.

```sql
CREATE TABLE malipo (
  rejea     text PRIMARY KEY,
  mkopo_id  bigint NOT NULL,
  kiasi     bigint NOT NULL,
  hali      text NOT NULL CHECK (hali IN
    ('TAYARI','IMETUMWA','HAIJULIKANI',
     'IMELIPWA','IMEKATALIWA')),
  ilibadilika timestamptz NOT NULL DEFAULT now()
);
CREATE UNIQUE INDEX ON malipo (mkopo_id)
  WHERE hali <> 'IMEKATALIWA';
```

Mwanzoni `mkopo_id` niliifanya `UNIQUE` tupu. Siku ya pili mkopo ukakataliwa kwa sababu namba ya simu ilikosewa, na baada ya kurekebisha namba haukuweza kutumwa tena. Ndiyo maana ya ile `WHERE`.

Safari ya mkopo sasa ina vituo vitatu. Muamala mfupi wa hifadhidata: tengeneza rejea, andika `IMETUMWA`, thibitisha, funga koneksheni. Kisha mtandao, bila koneksheni wala kufuli yoyote mkononi. Kisha muamala mfupi wa pili wa kuandika matokeo. Programu ikifa popote katikati, rejea iko tayari kwenye diski na naweza kuiulizia.

Kuainisha makosa kumechukua muda kuliko kuandika programu yenyewe. `ConnectTimeout`, muda wa kuunganisha kuisha, ni salama, hatukuwahi kuunganika, tuma tena. Kukataliwa kwa maneno, kama namba haipo au salio halitoshi, ni `IMEKATALIWA`. `ReadTimeout` (muda wa kusubiri jibu kuisha), koneksheni kukatika katikati, 500, 502, 503, 504, jibu ambalo si JSON inayosomeka: zote `HAIJULIKANI`. Nilisita kwenye 500. Mtu angesema seva imekiri imeshindwa. Lakini inaweza kuwa imeshindwa kuandika jibu baada ya kutuma fedha, na mimi nipo nje ya ukuta, sioni.

Hata `COMMIT` yako mwenyewe, ile amri ya kuthibitisha muamala wa hifadhidata, ina "sijui" yake. Koneksheni ikikatika baada ya kuituma na kabla ya kupata jibu, muamala unaweza kuwa umeingia au haujaingia. Nikipata kosa hapo nafungua koneksheni mpya na kusoma safu kwa rejea yake.

`HAIJULIKANI` haitumwi tena. Inaulizwa: kila dakika mbili kazi ya pembeni inaiuliza kampuni ya kati, rejea hii imefikia wapi?

Jumamosi, 28 Septemba: kuvunja kwa makusudi

Nimeandika seva ya uongo, mistari kama 60, yenye tabia tano: inakataa kuunganishwa, inaunganisha na kunyamaza, inakata katikati ya jibu, inarudisha 503, na ya tano, ninayoipenda, inafanya kazi yote kisha haijibu. Ukiwa na muda wa kuandika moja tu, andika hiyo ya tano.

Kipimo ni kimoja. Hesabu faili zilizo wazi, shindwa mara 500 kwa kila tabia, hesabu tena. Lazima namba irudi ilipokuwa.

Mara ya kwanza: 14, kisha 15. Faili moja. Jioni nzima nimetafuta, nikasoma hadi msimbo wa urllib3, maktaba iliyo chini ya `requests`, kumbe ni faili la logi ya makosa, nililiweka `delay=True`, na hivyo linafunguliwa kosa la kwanza linapotokea. Halizidi hapo. Sasa jaribio linaanza na kosa moja la kupasha moto kabla ya kuhesabu.

Tabia ya tano ndiyo iliyofichua kitu cha maana. Kazi ya pembeni iliuliza kuhusu muamala uliotumwa sekunde moja iliyopita, seva ikajibu "rejea haipo", maana ilikuwa bado haijauandika. Programu yangu ikatafsiri "haipo" kuwa "haukufika", ikaurudisha `TAYARI`, ukatumwa tena. Kilichookoa ni rejea ile ile, seva iliukataa kama marudio. Na hapo tena programu yangu ikaandika `IMEKATALIWA` kwa mkopo ambao kwa kweli umelipwa!

Marekebisho mawili: "haipo" haiaminiwi kabla dakika 15 hazijapita tangu kutumwa, na jibu la "rejea imekwisha kutumika" linakwenda `HAIJULIKANI`, sio `IMEKATALIWA`. Fedha zilikuwa za uongo, kwa hiyo safari hii nililala.

Kisha ukuta wa moto, unaozuia mawasiliano ya mtandao. `iptables` kwa `REJECT` na kwa `DROP` ni vitu viwili tofauti, jaribu vyote. `REJECT` inakupa kosa mara moja, ni adui muungwana. `DROP` inalimeza ombi kimya, na ndiyo inayofanana na siku mbaya ya mtandao.

Jumamosi, 19 Oktoba: ilipofikia

Wiki tatu tangu kuweka toleo jipya. Faili zilizo wazi: 15. Koneksheni za hifadhidata hazijazidi 17. `max_connections` nimeirudisha 100 na seva nimeirudisha GB 2. Miezi miwili ya GB 4 ilikuwa shilingi 76,000 za bure.

Miamala iliyopita `HAIJULIKANI` ni 63. Kazi ya pembeni imemaliza 61 yenyewe: 44 ilikuwa imelipwa, 17 haikufika. Hiyo 44 ndiyo ninayoiangalia, kwa programu ya tarehe 2 Septemba kila mmoja ungelipwa tena.

Miwili iliyobaki kampuni ya kati inajibu "inashughulikiwa" tangu Jumatano. Nilifikiria kuweka kikomo, baada ya saa 48 ihesabike imeshindwa. Nimeacha. Imechapishwa kwenye karatasi, rejea na jina la mwanachama, na mhasibu ameibandika ukutani karibu na kalenda. Jumatatu atawapigia.

Yule wa mbolea anakatwa 10,000 kila mwezi. Zimebaki 70,000.